Lango la Mia Tano Themanini na Saba

Saa nane na dakika tano usiku, Kisumu imelala
isipokuwa mbwa wa Kibuye, na mimi,
na mistari arobaini ya skripti
niliyoiandika kwa wiki tatu, nikaifuta, nikaiandika tena.

Kazi yake ni ndogo: kuokota majibu ya damu
yaliyotoka maabara jioni, kuyatia bahasha,
kuyafikisha Ahero, Kombewa, Muhoroni
kabla muuguzi wa zamu hajateleka chai.

Inabisha. Inajitaja jina.
Seva inaitika na kuorodhesha inayoyaweza.
Hapo skripti haimwagi habari.
Inasema tu: tufunge mlango kwanza.
Cheti chako kiko wapi? Nani alikitia sahihi?
Jina lililo juu yake ndilo nililoliita?
Ndipo maneno yanapogeuka mchanga kwa kila mpita njia,
na ni ndani ya mchanga huo tu nywila inatamkwa,
nywila ambayo haimo kwenye skripti.
Osewe aliwahi kuiandika humo, waziwazi, mstari wa sita,
akampa binamu yake faili ili amsaidie,
na kwa siku mbili anwani yetu ilitangaza mikopo
kwa nusu ya kaunti.

Huwa wananiuliza kinachonihangaisha.

Mama hakujua kusoma.
Baba alikuwa Nakuru, karakana ya reli,
na barua zake zilisomwa na Truphosa, fundi wa cherehani,
barazani, pini zimebanwa mdomoni.
Truphosa hakuwa mtu mbaya. Alisoma vizuri, kwa sauti,
akiutuliza mguu kwenye cherehani ili tusikie.
Ndivyo nyumba za reli zote zilivyojua,
kabla maziwa hayajachemka,
kwamba baba anakohoa damu,
kwamba ana mtoto mwingine huko Njoro
na amempa jina langu.
Mama aliikunja barua mara nne.
Akalipa shilingi yake, akasema asante.
Tangu siku ile alisuka nywele
ameupa mlango mgongo.

Juzi umeme ulipotea, ukarudi,
na saa ya kompyuta ikaamka mwaka elfu mbili.
Cheti kikakataliwa: siku zake, ilisema skripti,
hazijaanza. Mlango ni ule ule, mwenyewe ni yule yule,
sisi ndio tuliorudi nyuma.
Osewe akasema, ondoa ukaguzi, ni neno moja,
weka hapana palipo na ndiyo,
majibu yaende, watu wanangoja.
Na kweli walikuwa wanangoja.
Kuna mama wa Kombewa aliyengoja tangu Alhamisi,
namjua kwa namba tu, sifuri nne kumi na saba.
Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe.
Nikaziona zile pini.

Nikarekebisha saa. Dakika nne.
Osewe alizihesabu kwa sauti, zote nne.

Ila sijidanganyi.
Ninachokilinda ni barabara, si nyumba.
Barua ikishafika Muhoroni inavua nguo zote,
inakaa kwenye kioo, wazi, herufi kubwa,
na dirisha la zahanati liko hatua mbili kutoka kwenye benchi.
Hakuna mstari nitakaouandika ukafika pale.

Jumatatu nikampigia simu muuguzi, Jerusa Apondi.
Nikamwomba ageuze kompyuta,
kioo kitazame ukuta.
Akanyamaza kidogo.
Akauliza, na huo nao ni mfumo mpya?
Nikamwambia ndiyo.
Nikasikia meza ikiburutwa sakafuni.